Mlango Uliotazama Njia

Ijumaa, 3 Septemba 1982

Ndoo kumi na nne kabla jua halijawa kali. Nane za shimo la udongo, sita za jikoni. Viganja vinawaka. Sijali. Jana jioni Shabani alipotoka kinu cha pamba alifyatua tofali sitini, na asubuhi hii nimezigeuza zote peke yangu, moja moja, kama vitumbua. Moja tu imepasuka pembe, nayo ina alama ya kidole gumba chake. Nimeiweka kando. Hiyo haijengewi. Hiyo ni yangu.

Mwezi wa kwanza wa ndoa umekwisha. Sikujua kama mtu anaweza kuamka na furaha kila siku jinsi anavyoamka na njaa.

Jumapili, 5 Septemba

Niandike kwa nini tunajenga, nikija kuzeeka nisisahau.

Chumba chetu kimo ndani ya nyumba ya wakwe hapa Ibadakuli. Ukuta kati yetu na chumba cha wazee haufiki kwenye paa. Ukigeuka kitandani, ng'ambo wanajua umegeukia upande gani. Nacheka nimejiziba mto. Shabani naye ananinong'oneza vituko makusudi, mimi nabaki kuuma shuka. Mwezi mzima sijacheka kwa sauti ila kisimani.

Aliyetoa kiwanja ni Baba mkwe mwenyewe. Hakuniambia mimi. Alimwambia Shabani kwamba uani, pale palipokuwa na zizi zamani, panatosha chumba, sebule na kibaraza. Akaongeza kwamba mke wa mtu anahitaji mahali pa kuchekea. Shabani ananiapia kuwa ndivyo alivyosema. Nampenda mzee huyu na hata uso wake siujui vizuri.

Lakini paa lazima lipande kabla ya mvua. Tofali zetu ni mbichi, hazikuchomwa, na zitaungwa kwa udongo wa kichuguu. Mvua ikizikuta kuta hazina kofia, zinarudi kuwa tope. Hapo tutangoja kiangazi kingine. Mwaka mzima na mto mdomoni. Siwezi.

Jumatano, 8 Septemba

Mama mkwe ameondoka na basi kwenda Buseresere. Wifi amejifungua. Atamwuguza mpaka arobaini ziishe. Amenikabidhi jiko, kuku na Baba.

Baba ndiye aliyenipa hofu. Kwetu mjini, kwa bibi yangu mzaliwa wa pwani, mkwe unamkalisha mkekani, unampa kikombe mkononi, mnapiga soga. Hapa sivyo. Baba ni Msukuma wa zamani. Mkwe na mkamwana hawakutani ana kwa ana. Akitaka kupita uani anakohoa, mimi naingia jikoni. Chakula nakiweka juu ya kigoda, naondoka, nakohoa mimi sasa, ndipo anakuja. Shikamoo naitoa nimepiga magoti nyuma ya ukuta wa jiko. Anaitikia marahaba mwanangu, ameelekea kwingine.

Siku za mwanzo nililia. Nilidhani ananichukia. Shabani akaniambia anayekuchukia angekukodolea macho. Mama mkwe naye, mguu mmoja uko ndani ya basi, ananipigia kelele: "Ng'wanone, mwanangu, mzee hana taabu! Wewe sikiliza kikohozi tu!"

Basi zima liliangua kicheko.

Jumatatu, 13 Septemba

Kamba ya kisima imekatika. Si kamba hasa, ni vipande vya mpira wa tairi vimeungwa kwa mafundo. Ndoo imezama, mimi nimepiga yowe la kuaibisha. Jioni Shabani ameiopoa kwa kulabu, akaongeza mafundo mawili. Sasa kila nikivuta, mafundo yanapita kwenye malengelenge.

Hakuna wa kunisaidia. Baba alikuwa kwenye kibaraza chake cha nyuma akisokota katani, kama kila siku. Nadhani kamba zake huwauzia wenye ng'ombe mnadani. Hakuinua hata kichwa. Angeniinulia vipi? Mimi ni mkamwana.

Usiku Shabani amenipaka samli viganjani. Mume mzuri ni huyu. Wengine ni majina tu.

Jumamosi, 18 Septemba

Siku kubwa! Msingi umeshiba mawe na fundi Kulwa ameanza kuta.

Kulwa ni mfupi, mweusi tii, ana mwiko uliolika mpaka umekuwa kama kijiko cha chai. Kazi yake ni muziki. Anachota udongo, anautupa, tofali inakaa, pa! Hagusi mara mbili. Timazi, uzi wake wa kupimia wima, anaishusha ukutani kwa kuhakikisha tu, maana jicho lake limeshapima. Ningeweza kumtazama kutwa.

Ramani nimeichora mimi kwenye karatasi ya miraba, kama tulivyofundishwa hesabu kidato cha tatu. Mlango nimeuweka mbele, upande wa nyumba kubwa. Sababu naiandika hapa tu: ukisimama pale, kati ya nyumba kubwa na banda la kuku unaiona njia mpaka kona ya mkonge. Jioni nitaiona baiskeli ya Shabani ikikata kona. Nitamwona kabla hajaniona. Mwanamke anataka nini zaidi?

Kulwa aliigeuza karatasi, akaigeuza tena.

"Bi harusi, mlango hapa?"

"Hapo hapo, fundi."

"Huku nyuma je? Kuna upepo mzuri, kuna mwarobaini."

"Nyuma naona nini? Mwarobaini?"

Akajikuna shingo. Akaniuliza Mama mkwe anarudi lini. Nikamwambia baada ya arobaini. Akapumua kama ng'ombe aliyefungwa nira. "Haya. Mwenye nyumba ni wewe."

Shabani aliporudi kazini aliitazama ramani akasema jenga kama alivyochora mke wangu. Alisema mke wangu mbele ya watu. Mara mbili.

Alhamisi, 23 Septemba

Kozi ya sita, yaani mstari wa sita wa tofali. Nafasi ya mlango inaonekana wazi, kama jino lililong'oka. Nilisimama pale kati saa kumi na moja jioni, udongo mpaka magotini. Nikaiona kona. Nikaiona baiskeli. Nikapunga mkono kama kichaa. Shabani nusura aanguke kwenye mkonge.

Ndege ilipita chini sana ikienda kutua kiwanjani. Kulwa akaipigia saluti na mwiko. Nikacheka kwa sauti, uani, mchana kweupe. Halafu nikakumbuka Baba yuko kibarazani. Nikajiziba mdomo.

Jumatano, 29 Septemba

Kitu kidogo. Kigoda cha Baba hakipo kibarazani. Redio haipo. Fungu la katani halipo.

Labda amesafisha.

Jumamosi, 2 Oktoba

Hakusafisha. Amehama. Anakaa mbele ya nyumba, ukingoni mwa barabara, juani, vumbi la magari ya pamba linamwagikia. Anasokota katani huko huko. Nimechungulia dirishani: kofia yake imekuwa nyekundu kwa vumbi.

Kibaraza cha nyuma ndicho chenye kivuli. Amekaa pale miaka yote, Shabani anasema, tangu alipoacha kuchunga. Sasa mlango wake wa uani haufunguliwi kabisa. Akitaka kwenda msalani anazungukia kwa jirani.

Kazi yenyewe inapendeza. Kuta zimefika usawa wa kifua changu. Lakini leo sikufurahi.

Jumanne, 5 Oktoba

Niliweka chakula kibarazani, nikakohoa. Hakuja. Nikakohoa tena mpaka koo likauma. Wali umepoa, kuku wakaula. Mwishowe Shabani amempelekea mwingine barabarani.

Nimemwomba Shabani amwulize. Amerudi na jibu la maneno mawili. Sina neno.

Sina neno! Mtu anazunguka kwa jirani kwenda msalani halafu hana neno.

Shabani anasema wazee ndivyo walivyo. Nampenda, lakini leo nimemwona ni mwanamume kama wanaume wote. Anaondoka alfajiri, anarudi jioni. Haoni ninachoona.

Jumapili, 10 Oktoba

Niandike la furaha, maana moyo wangu una mzigo.

Mabati hayapatikani. Kila duka jibu ni njoo wiki ijayo. Shabani hakulalamika. Ameomba mapipa matupu ya lami waliyoyaacha watu wa barabara, akayakata kwa patasi, akayachoma yaondoke lami, na leo kutwa nzima ameyanyoosha kwa nyundo juu ya reli ya zamani. Mgongo wake uling'aa. Kila karatasi ya chuma ikilala sawa alinitazama, nami nilipiga vigelegele vidogo. Karatasi ishirini na mbili. Majirani walikuja kulalamikia kelele wakabaki kusifu.

"Zuhura, umepata dume," amesema jirani.

Najua.

Lakini kila alipopumzisha nyundo nilisikia redio ya Baba kutoka barabarani, mbali.

Jumatano, 13 Oktoba

Mawingu upande wa kusini. Hayajanyesha. Kulwa ameweka gogo la mninga juu ya mlango. Umekuwa mlango kweli sasa.

Nimemkosea nini Baba? Chumvi? Kicheko? Naogopa kuwa tunajenga nyumba na tunampoteza mzee. Sitaki nyumba ya namna hiyo. Nimeandika, basi.

Jumatatu, 18 Oktoba

Mama mkwe amerudi! Na jibu limerudi naye.

Ameingia uani na kikapu cha samaki wakavu kichwani. Akasimama. Akautazama mlango wangu. Akageuka akakitazama kibaraza kitupu. Akakitua kikapu taratibu, akakaa chini kwenye vumbi, akacheka mpaka machozi. Mimi nimepiga magoti na shikamoo yangu mdomoni, sijui nilie au nimfuate kucheka.

"Ng'wanone," amesema, "umemfukuza mzee kwake."

Amenishika mkono, akanikalisha kwenye kibaraza cha Baba, mahali pa kigoda hasa. "Tazama mbele." Nikatazama. Mlango wangu, hatua kumi. Ndani yake sebule yote. Na mlango wa chumba cha kulala, ambao pia nimeuchora mimi, umenyooka na wa nje kama risasi. Mtu akikaa hapa anaona mpaka kitakapolala kitanda.

Uso uliniwaka kwa aibu.

Mlango wa mkamwana hautazamani na wa baba mkwe, amesema. Hata mtoto mdogo Usukumani anajua. Akiketi pale atakuwa anamchungulia mke wa mwanawe. Kikohozi kinasaidia mtu anayepita. Mtu aliyekaa akohoe mara ngapi? Basi ameondoka yeye. Na hangeweza kuniambia, wala kumwambia Shabani, maana ingekuwa kumshitaki mkamwana kwa mumewe. Ni neno la wanawake, na mwanamke wa kulisema alikuwa Buseresere akikanda tumbo la wifi.

Kulwa nimemgeukia kwa hasira. Amejificha nyuma ya mwiko. "Mimi mwanamume, bi harusi. Ningeanzia wapi? Nilikuonyesha mwarobaini!"

Shabani jioni amejishika kichwa. Amekulia bwenini Mwanza. Alidhani mambo hayo yamebaki vijijini. Na mimi na cheti changu cha kidato cha nne sikuwahi kuuliza.

Siku ishirini mzee wa watu yuko juani kwa sababu nilitaka kuona baiskeli.

Jumanne, 19 Oktoba

Asubuhi tulikaa watatu, mimi, Shabani na Kulwa. Shabani, kwa kunihurumia, amesema tutapanda minyaa katikati iwe ukuta. Minyaa! Itamfikia mtu magotini mwakani. Kulwa amesema ukweli: kuziba mlango, kutoboa wa pili ukuta wa nyuma, kuhamisha gogo, siku nne. Mawingu yakitupa siku nne tumepona. Yasipotupa, ukuta wa nyuma utakuwa wazi kichwani na ubavuni, utashuka wote.

Wakanitazama mimi. Shabani alisema lolote nitakalo. Niliona macho yake. Anaitaka nyumba hii kama mimi.

Nimesema bomoa.

Nimeng'oa tofali ya kwanza kwa mikono yangu. Nililia kidogo, kwa ajili ya kona ya mkonge. Kidogo tu. Halafu nikachota maji.

Alhamisi, 21 Oktoba

Lazima niandike leo leo.

Mlango wa mbele umezibwa tangu jana. Wa nyuma ulikuwa umetobolewa, gogo limekaa, tofali za juu yake mbichi kabisa. Saa tisa mchana upepo ukaja na vumbi, halafu harufu ile ya udongo wa mbuga. Shabani yuko kinuni. Kulwa juu ya ukuta anapiga kelele, leteni chochote, leteni chochote! Mimi na Mama mkwe tukabeba karatasi za mapipa, upepo ukatupokonya moja ikaruka mpaka banda la kuku. Matone ya kwanza, makubwa kama punje za mahindi.

Mlango wa nyumba kubwa, ule wa uani, ukafunguka.

Baba. Hakukohoa. Amebeba turubai la zamani begani na ngozi mbili za ng'ombe mkononi. Amepita mbele yangu, karibu kabisa, akaegemeza ngazi, akapanda na miaka yake yote. Nilijifunika khanga kichwani nikageukia pembeni kama nilivyofundishwa. Ngazi ikayumba.

Akasema, uso ameuelekeza ukutani: "Shika ngazi, mwanangu."

Nikaishika. Niliikumbatia kwa mikono miwili, nimefumba macho, maji yananichuruzika mgongoni. Juu nasikia ngozi zinatandazwa, Kulwa anasema hapa mzee, na hapa. Mawe yakawekwa juu. Mvua ikapiga nusu saa, ikakata.

Akashuka. Akasimama chini, amelowa chepechepe. Hapo ndipo akakohoa.

Mama mkwe akashika kiuno: "Kikohozi kimechelewa, mzee!"

Kulwa nusura aanguke kwa kicheko. Nami nilicheka ndani ya khanga. Na Baba, naapa, aliyeelekea banda la kuku, mabega yake yalitikisika.

Ukuta umesimama. Umevimba kidogo upande wa kushoto. Umesimama.

Jumamosi, 23 Oktoba

Jua siku mbili mfululizo. Kulwa amekata papi, mbao nyembamba za paa, tangu alfajiri, Shabani ameomba ruhusa kazini. Karatasi kumi zimepanda. Shabani juu ya paa, misumari mdomoni, ananitazama kama mimi ndiye niliyeifanya mvua ikate.

Kigoda kimerudi kibarazani. Na redio.

Jumatatu, 25 Oktoba

Paa limekamilika!!! Lina mabaka ya lami, pale jeusi, pale la fedha, kama pundamilia. Hakuna nyumba nzuri kama hii kutoka hapa hadi Geita. Nimesema hivyo kwa Shabani, naye amekubali kwa moyo mmoja.

Jumapili, 7 Novemba

Tumehamia jana. Kitanda, sanduku, jiko la mkaa, na tofali yangu yenye kidole gumba, ambayo iko dirishani.

Mvua imenyesha tangu adhuhuri, polepole, ya kilimo. Paa la mapipa lina sauti nene kuliko bati. Nimekaa mlangoni. Mbele yangu mwarobaini unachuruzika, na chini yake kuku wawili. Kona siioni. Lakini Shabani amepata kengele ya baiskeli, na jana kutoka kona ya mkonge mpaka uani aliipiga bila kuacha, majirani wakadhani ni muuza samaki.

Nyuma ya ukuta, pale ulipokuwa mlango, redio inasema chini chini. Baba yuko mahali pake. Hatuonani. Nimecheka kwa sauti mara tatu leo.

Asubuhi nilipofungua mlango kulikuwa na kitu kimetundikwa kwenye msumari wa nje. Kamba. Katani mpya, nyeupe, unene unaokitosha kiganja changu, imesokotwa laini mpaka haina hata kijinyuzi cha kuchoma. Haina fundo. Nimeipeleka kisimani nikaishusha. Imefika kwenye maji, ikabaki pima moja mkononi.

Alipimaje, sijui. Siku zote zile juani alikuwa akisokota hii.

Nilirudi na ndoo imejaa. Nikapiga magoti upande huu wa ukuta, nikasema wabeja, Baba. Nimejifunza kwa Mama neno hilo la kushukuru.

Redio ikapunguzwa.

Akakohoa.

Nami nikakohoa.